Jina la Diski D

Studio, tarehe 3 Februari

Mwanangu,

Natumaini umzima na unakula, maana nakujua, ukishika kazi unasahau hata tumbo. Huku hatujambo. Mama yako goti linamsumbua akipanda ngazi, akishuka halimsumbui, na daktari amekiri kwamba hajawahi kusikia kitu kama hicho. Hata hivyo kila Jumamosi mchana anakwenda mazoezi ya kwaya, goti na yote. Bati la jikoni lilikuwa linavuja, nikaliziba mwenyewe, sasa linavuja mahali pengine. Baba yako mdogo amenunua miwani mipya na tangu siku hiyo hataki kusalimiwa ovyo. Anakusalimu lakini.

Studio ipo. Siku hizi watu wanakuja kupiga picha za pasi na za vitambulisho, wanakaa, wananuna, wanaondoka. Harusi wanazipeleka kwingine. Silalamiki.

Sasa nije kwenye lililonifanya nichukue kalamu. Nina faili moja, lipo kwenye diski ya kubebeka, nataka kulihamishia kwenye kompyuta ya studio, ile sehemu ya D ninapoweka picha. Kompyuta inaniambia faili ni kubwa mno. Nikaangalia D: zaidi ya nusu iko tupu. Nikafuta vitu, nikaongeza nafasi, jibu lilelile. Mwanangu, chumba kiko wazi, kitanda kimetandikwa, mgeni mmoja tu, na bado mlangoni anaambiwa hapana. Nieleze kuna nini hapo.

Usinipigie simu juu ya jambo hili. Nyumba ni ndogo, na mimi nikishika simu napiga kelele, wewe mwenyewe husema. Mama yako akiwa jikoni anasikia mpaka nukta. Halafu kwenye simu unaniambia bofya hapa, bofya pale, ukikata nimeshasahau. Karatasi nitailaza kando ya kibodi niende nayo neno kwa neno. Andika kwa anwani ya studio, si ya nyumbani.

Na usiniambie nimtafute fundi wa karibu.

Baba yako

*

Tarehe 20 Februari

Baba, shikamoo.

Barua yako imefika na pembe moja imelowa, nikajua ni bati la jikoni. Mimi mzima. Ninakula. Dukani kazi ni nyingi, na bosi wetu, yule tunayemwita Skrubu, bado kila kompyuta akiifungua na kuifunga anabakiwa na skrubu moja mkononi, anaitazama kama haijui, kisha anaitia mfukoni. Siku akifa mfuko huo utauzwa kwa kilo. Mpe pole Mama na goti lake. Mwambie Baba mdogo naomba picha yake na hiyo miwani.

Tatizo lako nalijua vizuri. Diski ya kompyuta yako ni moja, lakini imegawanywa sehemu mbili, C na D, kama nyumba iliyojengewa ukuta katikati. Kila sehemu ina utaratibu wake wa kupanga mafaili, na utaratibu huo ndio tunauita mfumo wa faili. D yako inatumia mfumo wa zamani, unaitwa FAT32. Huo una sharti moja la ajabu: haupokei faili moja linalozidi gigabaiti nne. Picha elfu hamsini ndogondogo utaingiza mpaka uchoke, lakini faili moja kubwa, hata D ikiwa tupu kabisa, halipiti. Kwa hiyo ukifuta vitu unajisumbua bure. Acha kufuta, tafadhali, sijui umeshafuta nini.

Dawa yake ni kuibadilisha D itumie mfumo mpya zaidi, unaitwa NTFS. Inawezekana bila kupoteza kilichomo. Lakini kabla ya yote nakili picha zako zote kwenye DVD, kila moja, maana humo ndimo uliweka filamu zako za zamani ulizoziskani, na kitu kikienda vibaya hazirudi.

Sasa niulize, maana nimelala nikiliwaza. Ni faili gani hilo? Picha zako hazifiki hata sehemu ndogo ya ukubwa huo. Wewe hupigi video. Umesema mwenyewe mbele ya watu kwamba video ni picha isiyojua pa kusimama. Kitu cha gigabaiti zaidi ya nne kimefikaje mikononi mwako, Baba?

Na kuhusu fundi. Ng'ambo ya barabara, mlango unaotazamana na wako, kuna mtu anayeijua kompyuta hiyo kuliko mimi, kwa sababu ndiye aliyekununulia na kukugawia hizo C na D kabla hamjagombana. Kazi hii angeimaliza ungali unatafuta miwani yako. Najua umekataza kaka asitajwe. Sijamtaja. Nimetaja mlango tu.

Mwanao

*

Studio, tarehe 15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua imekawia kwa sababu kunakili picha zile kumenichukua muda, si kwamba nimekasirika. Mlango nimeusoma, nimeupita.

Mama yako anaendelea. Amepewa dawa ya kupaka ambayo inanuka nyumba nzima, mimi nimehamishia chakula changu cha mchana studio. Baba yako mdogo amekubali kupigwa picha na miwani, lakini anataka apigwe akiwa ameshika kitabu. Nimemwambia alete kitabu, hana.

Nimenakili zote. Sikujua kwamba ni nyingi hivyo. Nusu ya mji huu imo humo, wengine nimewapiga wakiwa wamebebwa mgongoni na nimewapiga tena wakiwa wamebeba. Nilikuwa nikifungua moja kuhakikisha imekwenda, najikuta naitazama, chai inapoa, mteja anagonga kioo. Zimeingia kwenye DVD, nimeandika juu ya kila moja kwa wino usiofutika na nimeziweka mahali pakavu, mbali na bati.

Faili hilo ni kazi ya mteja. Mteja hataki liguswe wala likatwe vipande, kabla hujaniambia nilikate. Diski lilimo si yangu, lazima irudi ilipotoka kila mara, ndiyo maana nataka nakala yangu. Umeuliza, nimekujibu.

Sasa nipe maelekezo. Usiandike kwa lugha ya mafundi. Andika kama unavyomwelekeza mtu njia katika mji asioujua.

Baba yako

*

Tarehe 2 Aprili

Baba, shikamoo.

Mteja. Haya.

Mimi sijambo, ila mpangaji wa chumba cha juu amenunua mashine ya kufanyia mazoezi ya kukimbia na anaitumia akiwa amevaa viatu. Skrubu amepata mjukuu, ametugawia soda. Hiyo ndiyo habari.

Njia ni hii. Weka karatasi kando ya kibodi kama ulivyosema.

Chagua siku ambayo umeme hauchezi. Umeme ukikatika katikati ya kazi, D nzima inaweza kuharibika, na hapo tutabaki na zile DVD tu. Funga kila kitu kilicho wazi. Bofya Start pale chini, andika cmd. Litatokea jina moja juu. Libofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague kuliendesha kama msimamizi. Litafunguka dirisha jeusi lenye maandishi meupe. Usiogope rangi, halina kitu. Humo ndani andika hivi, na nafasi nilizoacha uziache vilevile:

convert d: /fs:ntfs

Kisha bonyeza Enter. Itaanza kupitia faili moja moja, itakuandikia asilimia, na wewe uketi usiguse kitu. Ikimaliza itasema imemaliza. Inaweza kutaka uizime na kuiwasha kwanza, ifuate inachotaka.

Jambo moja ulijue kabla hujabonyeza. Huku ni kwenda tu. D ikishakuwa NTFS, haigeuki kuwa FAT32 tena mpaka ufute kila kilichomo. Sikutishi, huna haja ya kurudi kule. Lakini nimefundishwa kumwambia kila mteja, na wewe nakuambia.

Nimekaa nawaza ni mteja gani asiyetaka faili lake likatwe. Siulizi. Nawaza tu.

Mwanao

*

Studio, tarehe 30 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako goti limepungua, sasa linamsumbua akishuka, akipanda halimsumbui. Daktari amehamishwa.

Njia yako nimeifuata neno kwa neno. Dirisha jeusi nimelipata. Imekataa. Nimejaribu Jumamosi tatu, kila mara mama yako akiwa kwenye kwaya, na kila mara imekataa. Inauliza kitu, ninajibu, inasema jibu si sahihi, inaacha. Nimejibu D. Nimejibu STUDIO. Nimejibu jina langu kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho. Haikutaka.

Kama kuna njia isiyouliza maswali, nipe hiyo. Kama haipo, basi tuliache.

Baba yako

*

Tarehe 18 Mei

Baba, shikamoo.

Kosa ni langu, nakuomba radhi. Niliposoma kwamba inauliza kitu, nilikaa kitako. Hapa dukani nimefanya kazi hiyo mara nyingi na haijawahi kuniuliza chochote. Nikachukua kompyuta moja kuukuu iliyotelekezwa na mwenyewe, nikaiweka kama yako, nikajaribu. Kweli, haikuuliza. Nikajaribu tena kwa namna nyingine, na nyingine. Skrubu akaniuliza ninatafuta nini, nikamwambia natafuta swali. Akaniacha.

Nimelipata. Diski tunazozibadilisha hapa hazina majina, kwa hiyo haina la kuuliza. Lakini diski iliyopewa jina, kabla ya kuigusa inasimama na kukuuliza: sasa hivi inaitwa nani? Ukijibu vibaya inaacha palepale. Ni kuhakikisha kwamba unaijua unayoibadilisha.

Kwa hiyo D yako ina jina. Na jina hilo halijafichwa, Baba. Ukifungua Computer liko hapo mbele ya macho yako, limeandikwa kando ya herufi D, kila siku unapofungua picha zako. Umeandika STUDIO, umeandika jina lako la kitambulisho. Mtu wa kusoma kama wewe, mwenye kuona doa kwenye picha ambalo hata mwenye uso halioni. Sasa naomba nikuulize kama mwanao, si kama fundi. D inaitwaje?

Kama jina lenyewe hulitaki, lipo jambo rahisi. Bofya D kwa kitufe cha kulia, chagua kubadili jina, futa lililopo, andika lolote unalotaka. Kisha rudi kwenye dirisha jeusi, ikikuuliza uandike hilo jipya. Haichukui hata dakika moja na hakuna atakayejua.

Na kuna jingine. Mama kanipigia. Anasema ana diski ndogo nyeusi aliyoletewa na mkwe wake, mke wa kaka, anaiweka kabatini chini ya mashuka. Anasema kila Jumamosi akirudi kwenye kwaya anaikuta imelala ubavu mwingine na waya wake umekunjwa vizuri kuliko yeye alivyoukunja. Akaniambia nisikuambie. Nakuambia.

Ninajua kilichomo. Nilikuwepo, Baba. Ni harusi ya kaka, kuanzia mlangoni mpaka kukata keki, kamera haikuzimwa hata mara moja, ndiyo maana ni faili moja kubwa. Miaka minne sasa. Ulisema mtoto uliyemfundisha kushika kamera akifungua studio yake mbele ya mlango wako, asikuhesabu tena, na harusi ilipofika hukuhesabika, hukukanyaga ukumbini. Umepiga harusi za watu wote wa mtaa ule isipokuwa hiyo.

Sikulaumu kwenye karatasi, maana karatasi inakaa. Nataka kujua tu. Kwa nini hukuitazama moja kwa moja kutoka kwenye diski ya Mama? Mlango umefungwa, mwenyewe hayupo, nani angekuona?

Mwanao

*

Studio, tarehe 9 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilifika siku nyingi. Mvua zimekwisha. Bati nimelibadilisha lote. Baba yako mdogo amepigwa picha, hakupata kitabu, ameshika daftari la maji na umeme, na akitazama kwa mbali anafanana na msomi. Nakuletea nakala moja.

Mama yako hajambo kabisa. Anaimba mpaka jikoni.

Kompyuta ipo.

Baba yako

*

Tarehe 26 Julai

Baba, shikamoo.

Picha imefika, nimeibandika dukani juu ya meza yangu. Wateja wanauliza huyo ni profesa wa nini.

Umeniandikia mistari michache na hukujibu hata swali moja. Mimi nikikosa jibu silali, tabia hiyo nimeirithi na unajua kwa nani. Kwa hiyo nimempigia kaka. Sikumwambia habari ya faili wala ya Jumamosi, usiwe na wasiwasi. Nilimuuliza kifundi tu: ile kompyuta ya studio, ulipoigawa, sehemu ya D uliipa jina gani?

Alicheka. Akasema aliiandika KOPE.

Nilisahau kabisa kwamba ulikuwa ukimwita hivyo. Akanikumbusha yeye: kwamba tangu akiwa mdogo kila ukimpiga picha lazima afumbe macho, na wewe ukitoka kwenye chumba cha giza unamwonyesha karatasi ikiwa bado inachuruzika maji, unasema, Kope, leo tena umenipa kope. Akasema aliiandika D jina hilo kwa utani, ili kila asubuhi ukifungua kazi umkute hapo.

Halafu hakucheka tena. Akaniuliza, "Bado lipo? Nilijua ameshalifuta."

Nikamwambia sijui. Na kweli sijui, Baba, hujanijibu.

Mwanao

*

Studio, tarehe 29 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako yupo, Baba yako mdogo yupo, bati halivuji. Salamu zimekwisha, leo nina mengi.

Uliniuliza kwa nini sikuitazama moja kwa moja. Nilijaribu. Jumamosi ya kwanza kabisa nilifunga mlango, nikageuza kibao, nikaiwasha. Nikaona ukumbi, nikaona maua, nikaona wewe unapita na sinia. Nikaizima. Nikajiambia, hii haitazamwi kwa kuibia, huku unasikiliza kama mtu anagonga. Nipate nakala yangu, nikae nayo siku nitakayoweza. Mambo ya gigabaiti nne sikuyajua. Nilidhani naomba kitu kidogo.

Jina nililiona siku ileile ya kwanza dirisha jeusi liliponiuliza. Nilikuwa nalijua. Kila siku naliona likiwa kando ya D na kila siku nalipita, kama unavyopita mtu uliyegombana naye bila kumgonga bega. Kuliona si kazi. Kuliandika ndiko kulinishinda. Mikono hii haijaandika jina hilo tangu alipotundika kibao chake kule ng'ambo. Ndiyo nikaiandikia ujinga wa STUDIO na kitambulisho, nikijua itakataa.

Halafu ukanipa njia yako ya mkato, nibadili jina. Nilifurahi, sikufichi. Nikasema huyu binti ana akili, kanitoa mtegoni. Jumamosi iliyofuata nikabofya kitufe cha kulia kama ulivyosema. Jina likageuka rangi ya bluu, lote, likasubiri nibonyeze kitufe kimoja tu lifutike. Nikaweka kidole. Mwanangu, nilikaa pale mpaka saa ya mama yako kurudi kutoka kwaya ikafika. Sikubonyeza. Jumamosi nyingine nikarudi, ikawa vilevile. Ndipo nilipokuandikia ile barua ya bati.

Niliona uchungu, naandika hivyo hivyo nisizunguke. Nilikuwa nimejiambia miaka yote kwamba huyu kijana nimeshamfuta. Kumbe siwezi kumfuta hata kwenye kompyuta.

Barua yako ya mwisho ilipofika na maneno yale ya kaka yako, kwamba alijua nimeshalifuta, sikungoja Jumamosi. Nilifungua dirisha jeusi Jumatatu asubuhi, mlango wazi, mteja wa pasi amekaa kwenye benchi ananisubiri. Nikaandika ule mstari wako. Ikauliza. Nikaandika K, nikaitafuta O kama mtu aliyeshika kibodi leo, nikamaliza. Nikabonyeza Enter. Haikuleta ubishi wowote. Ikaanza kuhesabu asilimia zake, mimi nikampiga mteja picha yake, na nikamwambia atabasamu, jambo lililokatazwa kwenye picha za pasi. Ikabidi nimpige tena.

Jioni ileile nikamwendea mama yako jikoni, nikamwambia nipe diski yako. Hakuuliza ipi. Akafuta mikono kwa aproni, akaenda kabatini. Faili likaingia lote bila kukwama.

Nimeitazama na mama yako, mwanzo mpaka mwisho. Kuna mahali mshereheshaji anasema baba mzazi wa bwana harusi asimame. Ukumbi ukageuka kutafuta. Akasimama Baba yako mdogo, amevaa koti langu la kijivu, lile nililolitafuta mwaka mzima na mama yako akaniambia labda limeliwa na nondo. Nilimgeukia mama yako. Alikuwa ametazama mbele, ameshika goti. Akasema, "Mtu hawezi kusimama mahali pa baba yake mtoto akiwa na shati tu." Koti lenyewe linambana mabegani. Anasimama kama mtu aliyeazimwa, anapunga mkono, anakaa haraka. Na yule kijana pale mbele anampigia makofi huku anatazama chini.

Kesho yake nilivuka barabara.

Ndani kwake pana mwanga mzuri, hilo nalikubali. Alikuwa ameinama anafungua taa. Aliponiona mlangoni aliinuka ghafla mpaka kiti kikaanguka.

"Baba, nani amekufa?"

Mwanangu, hapo ndipo paliponichoma. Miaka minne tunatazamana kwa vioo viwili, na siku nikija, anajua ni msiba. Nikamwambia hakuna aliyekufa. Nikamwambia nimeitazama harusi yake.

Aliokota kiti akanipa, yeye akabaki amesimama. Akaniuliza yote au nusu, nikamwambia yote. Akauliza nimeionaje. Basi na mimi kwa ukaidi wangu, badala ya kusema nililokwenda kusema, nikaanza kukosoa. Nikamwambia taa ya kushoto imekaa juu mno, bibi harusi ana kivuli chini ya macho, na wakati wa keki kamera ilitakiwa isogee hatua mbili mbele. Nikamwambia ningekuwepo na kamera yangu, makosa hayo yasingetokea.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kwa adabu, kama zamani nilipokuwa namfundisha. Akasema, "Ungekuwepo, Baba, usingeshika kamera. Ungekaa mbele na Mama."

Miaka yote hii nilidhani nimemnyima mpiga picha.

Baba yenu